Jiwe la Mizani

Juzi, kwenye ukumbi wa mazoezi, mkufunzi aliniwekea miguuni chuma chenye mshikio. "Mzee, Warusi walipimia nafaka kwa hiki, wakaishia kushindana kukinyanyua." Nilikifikisha magotini, heshima ikaniishia hapo.

Nilipokuwa mtoto, mnadani Nambis, kijijini kwetu, nasi tulikuwa na jiwe la mizani, la chuma, lililonuka kutu na vumbi la mahindi. Alasiri moja vijana walimtania Baba, aliyekuwa akikohoa tangu mavuno: "Baba Tluway, wewe kapepete na akina mama!"

Baba akavua blanketi, akalinyanyua lile jiwe juu ya kichwa.

"Baba amepona!" nilipiga kelele.

Mama alilia, nilidhani ni furaha. Sasa najua aliziona mbavu ambazo blanketi lilizificha hata nyumbani. Mvua zilipoanza, Mama ndiye aliyeshika plau.