Nguzo Nilizopaka Rangi ya Viatu

Nilianza kazi ya ujenzi Jumanne moja nikiwa kidato cha kwanza, na ndoo isiyo na mkono. Sasa niko cha nne na nastaafu kwa sababu ya mtihani. Nyinyi mnaobaki kwenye klabu ya usanifu lazima msikie ya wazee. Mzee ni mimi. Nina miaka kumi na saba, na goti linaniuma.

Siku hiyo Mwalimu wa Ujenzi alitupeleka kwenye kichuguu nyuma ya bwalo, hapa Nyansiongo, akatuambia tukisome kama kitabu. Mchwa hana digrii wala feni, alisema, lakini nyumba yake haizidi joto wala baridi. Tungejenga kuba, paa la mviringo kama bakuli lililofunikwa, kwa akili za mchwa: udongo wa kichuguu, nguzo za mkaratusi, kamba za mgomba. Msumari hakuna. Nikauliza kama tutalala humo na malkia. Nikapewa cheo cha mbeba udongo.

Mwaka wa pili nikapandishwa hadi kamba, chini ya Kerubo, msichana wa kutoka Birongo. Nyanya yake alimfundisha kusokota kamba inayoshika ng'ombe. Yangu haikushika hata kuku. Nikahamishiwa nguzo, na hapo ndipo hofu ilipoanzia.

Nguzo inayoingia ardhini huchomwa mguu kwanza. Unaizungusha juu ya moto mpaka ipate ganda la makaa, maana mchwa hali makaa. Nguzo kumi na mbili, alasiri nzima ya moshi, na siku hiyo kulikuwa na mpira. Nikachukua rangi nyeusi ya viatu nikapaka miguu yote. Iling'aa kama buti za polisi wa gwaride. Mwalimu, ambaye huniita omogaka, yaani mzee wa boma, kwa kunikejeli tu, alipita akasema, "Omogaka, leo umefanya kazi ya mtu mzima." Siku hiyo hakukejeli.

Kuba likasimama, refu kuliko mlango wa darasa. Muhula uliofuata nilijikinga mvua humo, nikabisha nguzo kwa kidole, hivi hivi tu. Nguzo ikajibu. Tik, tik, tik. Mchwa askari akishtuka hugonga kichwa kuwaonya wenzake. Nikabisha ya pili. Ikajibu. Ya tatu sikuthubutu kuibisha.

Nilinyamaza wiki mbili. Nilikuwa naogopa kufukuzwa shule.

Siku ya wageni Mwalimu akatangaza kuwa Kerubo na wasichana watano watapanda juu ya kuba kuonyesha nguvu yake, huku wazazi wameketi ndani. Mamake Kerubo alikaa kando ya nguzo moja. Kerubo akavua viatu. Kufukuzwa kukawa kitu kidogo.

"Mwalimu, asipande."

"Omogaka, si leo."

"Nguzo sikuzichoma. Nilizipaka rangi ya viatu."

Watu wakacheka. Mamake Kerubo alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Miaka mitatu nilikuwa nimewazoesha kucheka kila nikifungua mdomo, na sasa Kerubo alikuwa ameshashika kamba ya kwanza. Nikaingia, nikasukuma kidole gumba kwenye nguzo iliyokuwa kando ya mamake. Kikazama chote, kama kwenye ugali. Nilipokitoa, mchwa wakakifuata.

Kicheko kikakatika. Mwalimu akasema polepole, "Tokeni mmoja mmoja. Msiguse kitu."

Wa mwisho alipotoka, kuba lilisimama kidogo, kisha likalala chini taratibu, kama ng'ombe aliyechoka.

Mwalimu hakunigombeza. Alinipa kiberiti na nguzo kumi na mbili mpya, akaketi kando yangu mpaka ya mwisho ikawa nyeusi kwa haki. Kerubo hakuniongelesha muhula mzima.

Hiyo ndiyo kazi yangu yote. Kuba la pili nawaachieni, lakini kila nikipita hapo bado nabisha nguzo moja moja, naweka sikio, nabana pumzi. Mpaka leo hakuna aliyejibu.