Homa Isiyochoma

Tangu kliniki ya wajawazito imwambie ana homa ya ini, fundi cherehani hakutulia. Mguu ulikanyaga, akili iko kwingine. Suruali ya mteja aliishona nyuma mbele, akaifumua, akaishona vilevile. Mtoto alizaliwa salama, akachomwa chanjo ya kumkinga na homa hiyo kabla hata hajapewa jina. Mzigo mmoja ukatua. Uliobaki ni mumewe.

Mume, fundi rangi, mtu wa utani, hakuwa amepima. Kila jioni alimgusa mkewe paji la uso kwa mgongo wa mkono.

“Baridi kama mtungi! Homa iko wapi? Wamechanganya damu hao.”

“Baba Mtoto, twende ukapime tu.”

“Kwani mimi nachemka? Niguse.”

Akamgusa. Kweli, hakuchemka. Mke akarudi kwenye cherehani na hofu nyingine: mume akikutwa nayo, si atauliza nani kamletea?

Asubuhi moja akamfichia brashi zote.

“Leo hupaki ukuta wa mtu.”

Huko kliniki, mume akamwinamishia muuguzi kichwa. “Sista, nipime homa niwahi kazini.”

Muuguzi akacheka hadi akashika meza. “Lete kidole, baba. Homa ni jina tu. Kirusi hiki hujikalia kwenye ini miaka na miaka, mtu anakula, analala, anapaka rangi. Paji la uso halina habari.”

Mume akatoa kidole, utani umemkauka mdomoni.

Wakisubiri majibu, mke alikwenda mlangoni, akarudi, akaenda tena.

“Mama, utanitobolea sakafu,” muuguzi akamwambia. Kisha akamgeukia mume. “Huna. Ila kinga pia huna. Utachanjwa mara tatu, ya kwanza leo.”

Mke alifurahi, halafu akaingiwa na baridi.

“Kumbe ni mimi niliyeileta nyumbani.”

“Huenda ulizaliwa nayo, mwanangu,” muuguzi akasema. “ Wengi huipata kwa mama zao siku ya kuzaliwa. Hapo hakuna mkosaji.”

Mume akamshika mkewe bega. Akauliza, “Na huyu mnamwangaliaje?”

“Ini lake bado zima, vidonge hahitaji kwa sasa. Kila miezi sita tunapima damu na kulipiga ini picha. Siku akianzishiwa dawa, asiache mwenyewe hata akijiona mzima.”

“Sawa. Tutakuja.”

Tutakuja. Hakusema atakuja. Mke akamtazama anavyokunja mkono wa shati, uso ameugeuzia ukutani asione sindano, na macho yakamlowa.

Lakini raha haikumkaa. Kama ni kwa mama, basi dada zake nao wametoka tumbo lilelile. Akatoka mbio hadi kwenye ujia, simu sikioni, akizunguka huku ikiita.

“Haloo, dada? Weka chini unachofanya. Hapana, hakuna aliyekufa. Nisikilize kwanza.”