Kidari cha Baba na Jemadari wa Jukwaani

Nafundisha fasihi katika sekondari moja ya Bunda, na mwaka jana niliwachezesha wanafunzi wangu tamthilia ya kale ya Kigiriki. Kisa chake ni chepesi kusimulia. Jemadari ananyimwa zawadi ya ushujaa, anapewa mwenzake. Anaona amevunjiwa heshima, na badala ya kumeza uchungu akaishi na mkewe na mtoto wao mdogo, anachagua kufa. Wanafunzi walimpenda mno. Mimi nilimchukia tangu ukurasa wa kwanza, na nakiri kwamba tamthilia hiyo niliichagua kwa ajili ya baba yangu.

Baba anaishi Butiama. Kwetu, ng'ombe akichinjwa kwenye kikao cha ukoo, kidari ni cha mkubwa. Miaka kadhaa iliyopita mgawaji alipitiwa, akamkabidhi kidari baba mdogo, na baba mdogo akakipokea. Baba akainuka, akachukua fimbo yake, akaenda nyumbani na njaa yake. Kesho yake baba mdogo alileta mbuzi mzima ili yaishe. Baba akamrudisha na mbuzi wake.

"Mimi nilikuwaga mkubwa wake hata kabla huyo ng'ombe hajazaliwa," alisema. "Aniombe radhi mbele ya walewale walioona."

Baba mdogo naye akasema hapigi magoti hadharani. Damu yao ni moja, hilo halikuhitaji ushahidi.

Mwaka huohuo mdogo wangu wa kike alichumbiwa na mwalimu wa Suguti. Walipendana, sote tulijua. Lakini ng'ombe wa mahari hawapokelewi kwetu bila ndugu wa baba kuwapo, na baba alikataa katakata kumwita. Washenga walikuja mara mbili, wakanywa chai, wakarudi. Mara ya tatu hawakuja. Mwalimu yule sasa ana mke na watoto Musoma, pale Kitaji. Mdogo wangu bado yuko kwa baba, anampikia. Niliumia sana kwa ajili yake, ila niliumia kimyakimya, kwa kuwa mimi ni mtoto wa kwanza na sikutaka watu waseme nabishana na mzazi.

Basi siku ya onyesho niliwaita baba na mdogo wangu, nikamketisha baba mstari wa mbele. Nilitaka ajione. Jemadari alipoanguka, ukumbi mzima ulinyamaza. Baba peke yake akapiga makofi.

"Huyo ndiyo mwanaume," akaniambia tulipotoka nje, macho yamemlowa. "Umefanya kazi nzuri, mwalimu."

Akaenda kuwapa wanafunzi mkono, mmoja mmoja, kama mgeni rasmi. Mdogo wangu alibaki nami, kashika koti la baba.

"Kaka, huyo mke wa jemadari, mbona alikuwaga kimya tu mpaka mwisho?"

Kitabuni mke yule anasema mengi. Anamsihi mumewe, anamkumbusha juu ya mtoto wao, anauliza wao watabaki kwa nani. Nikamweleza ukweli, kwamba mchezo ulikuwa mrefu, nikayaondoa maneno yake.

Akalihamishia lile koti mkono wa pili.

"Hata mimi nilikuwaga na la kusema," akasema, bila hasira yoyote. "Na wewe ulikuwepo."