Picha Iliyorudisha Rangi

Siku yangu ya kwanza kazini Doha, msimamizi wa chumba cha picha, mama wa Kisudani, alinionya hata kabla sijatua mkoba. "Wewe unapiga picha za macho. Maelezo ni ya daktari. Umefahamu?" Nikasema nimefahamu, ingawa kwetu Tanga wanajua mdomo wangu.

Kazi yetu ilikuwa kupiga picha retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mshipa wake wa damu ukiziba, jicho huzima bila maumivu. Picha za mwanzo huonyesha retina imevimba, imepauka kama tui la nazi, na katikati doa jekundu. Wiki zikipita uvimbe hushuka na rangi hurudi. Usiyejua utasema limepona. Kumbe mashine ya kupima tabaka za retina inaonyesha imekonda, haifanyi kazi tena.

Wafula, dereva wa familia moja ya mtaa wa Al Thumama, ambaye jicho lake moja lilikuwa limezima hivyo, alikuja kwa picha ya marudio. Daktari alimtaka apimwe mishipa ya shingo, maana kilichoziba jicho kingeweza kuziba na ubongo. Yeye alikuwa anakwepa kwa kuogopa kuonekana mgonjwa akarudishwa Kenya. Nilipoziweka picha zake mbili kwenye skrini, ya mwanzo na ya siku ile, akanigeukia akipiga makofi.

"Mama, cheki! Nyeupe imeisha, jicho iko sawa! Hiyo ya shingo sasa ni ya nini? Wacha nirudi kwa gari."

Roho iliniuma. Nikatoka kumtafuta daktari, msimamizi akanikuta mlangoni. "Yuko kwenye upasuaji. Lugha ya mgonjwa unayo wewe. Mwambie."

Nikarudi, nikamwomba Wafula azibe jicho linaloona kwa kiganja, kisha aitazame picha ile mpya.

Akatazama. Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa skrini.

"Mama, umezima?"

"Sijazima, baba."

Alilia, nami nikalia naye, sioni haya kusema. Kisha nikamshika mkono mpaka chumba cha vipimo. Mshipa wa shingo ulikuwa umeanza kuziba, wakamtibu mapema. Gari hakurudishiwa, lakini tajiri wake hakumfukuza, akampa kazi ya kuwapangia madereva wenzake safari.

Sasa nimestaafu, niko Tanga. Ninyi mnaoanza kazi hii mna mashine nzuri kuliko zetu, na zitawaonyesha picha za kupendeza. Mtazameni na mwenye jicho.

Juzi Wafula alinipigia kwa video akiwa likizo kwao. Alikuwa na mjukuu wake mchanga, amemwegemeza begani, upande wa jicho linaloona.