Ghizlane Aliyetoka Saa Tisa

Katika kampuni yetu ya kununua na kuuza hisa, ghorofa ya saba, Kasablanka, kazi ya mwezi wa Ramadhani iliisha saa tisa alasiri kwa mujibu wa mkataba. Kwa mujibu wa mazoea, haikuisha. Soko lenyewe lilikuwa limefungwa tangu mchana. Namba kwenye skrini zilisimama kama magari yaliyoishiwa mafuta, nasi tuliendelea kuzikodolea macho, midomo mikavu, mpaka mkuu wetu, Si Taoufik Serghini (Si ni Bwana kwetu), atoke chumbani kwake, aseme "Futari njema," aingie kwenye lifti. Hapo ndipo watu wote walipovaa makoti kwa mpigo na kukimbilia tramu, adhana ikikaribia.

Hakuna aliyewahi kuamuru hivyo, na ndiyo maana haikupingika. Amri iliyoandikwa unaweza kuichana. Iliyomo shingoni mwa watu utaishika wapi?

Tulikuwa wanagenzi watatu: Anass, Ghizlane Oubaha na mimi. Nafasi ya ajira ilikuwa moja, na Si Taoufik angemtaja mwenyewe baada ya Idi. Ghizlane aliihitaji kuliko sisi. Mama yake, Mi Rkia, alikuwa mjane, akiuza msemen, mikate ya kukunja ya kukaangwa, mbele ya nyumba yao mtaa wa Derb Sultan. Mwaka ule goti lake lilikataa kusimama. Na msemen wa Ramadhani huuzwa kati ya alasiri na magharibi, basi. Mwezi huo mmoja ndio uliowabeba mpaka kiangazi kiishe. Kwa hiyo saa tisa ilipogonga, Ghizlane alizima kompyuta, akachukua mkoba, akasema, "Mbaki salama," akaondoka.

Siku ya kwanza watu walidhani anaumwa. Siku ya pili walinong'ona.

"Dada, angalau acha koti kwenye kiti," Mounir, mchambuzi wa hisa za benki, alimwambia Ghizlane. Yeye alikuwa na makoti mawili, moja la kuvaa na moja lililoishi ofisini. "Koti likiwepo, na wewe upo."

"Basi walilipe koti lako mshahara," Ghizlane akamjibu. "Wewe uende zako."

Anass alicheka mpaka akakohoa. Anass alikuwa kijana mzuri, sina ugomvi naye, lakini alikaa kitini kama aliyepigwa misumari.

Mimi damu ilinichemka. Nilimfuata Ghizlane kwenye ngazi nikamwambia kwamba huu ni wizi wa wazi, kwamba saa za mtu ni maisha yake, kwamba kesho tupande juu ya meza tuseme wote kwa sauti moja!

"Meza zile ni za kioo, kaka," alisema. "Utaanguka. Halafu mimi sigombani na mtu. Naenda kukaanga mikate."

Katikati ya mwezi Si Taoufik akatoka chumbani wakati Ghizlane anafunga mkoba.

"Binti yangu, unakwenda wapi?"

"Nyumbani, Si Taoufik. Saa zimetimia."

"Hawa wenzako hawana nyumba?"

"Wanazo."

"Sasa wanafanya nini hapa?"

Ofisi nzima ilimgeukia Ghizlane. Akisema ukweli angetuumbua. Akidanganya angejifunga kamba mwenyewe. Akaweka mkoba begani taratibu.

"Waulize wao. Mimi najua yangu tu."

Si Taoufik akamgeukia aliye karibu. "Mounir, unafanya nini?"

"Napitia ripoti, bwana." Kwenye skrini yake palikuwa na picha ya bakuli la harira, supu ya nyanya na dengu, mvuke unapaa. Mtu mmoja akaguna. Mounir akaifunga picha, masikio yamemwiva kwa aibu.

Ndipo Lalla Touria, katibu wa idara, mama wa makamo aliyekuwa amekaa pale kabla ya skrini hizo kuletwa, akavua miwani.

"Tunakusubiri wewe, Si Taoufik."

"Mimi?"

"Wewe. Uondoke, nasi tuondoke. Kwani hukujua?"

Hakukasirika. Alisimama akitutazama mmoja mmoja. "Nilipoanza kazi," alisema, "mkuu wangu alikuwa mzee wa mji wa Fes. Sikuwahi kuinuka kabla yake. Hata siku mke wangu alipojifungua nilisubiri avae kofia. Hiyo ndiyo adabu niliyolelewa nayo."

"Na mkeo alisemaje?" Lalla Touria akauliza.

Si Taoufik akarudi chumbani kwake.

Kesho yake asubuhi alimwita Ghizlane. Alipotoka alikuja kutusimulia kwenye mashine ya fotokopi. Si Taoufik alimsifu: kazi yake safi, mahesabu yake hayana kasoro, na nafasi ni yake. Jambo moja tu. Akae na wenzake kumi la mwisho la Ramadhani, kila siku mpaka yeye mkuu atoke, watu waone kwamba ameelewa.

"Kumi tu!" Anass akasema. "Kwa kumi hilo unapata kazi ya maisha!"

"Nilimuuliza nitafanya kazi gani saa hizo. Akasema kazi si hoja. Nikamwambia anipe kazi niifanye hata alfajiri, lakini kukaa bure siwezi. Kumi la mwisho ndilo watu wananunua. Mama hawezi kusimama."

"Ukamkatalia?" nikauliza.

"Nikamshukuru. Nikamkatalia."

Nikarudi mezani kwangu. 

Saa tisa akainuka kama kawaida. Alikuwa amefika katikati ya chumba tuliposikia droo inafungwa. Lalla Touria alikuwa amesimama, mkoba mkononi.

"Nisubiri, mwanangu. Tushuke wote."

Nikawafuata mpaka ndani ya lifti.  Lalla Touria alikuwa akijitazama kwenye kioo akirekebisha kitambaa chake kama anayekwenda harusini.

Siku zilizofuata watu wakaanza kuondoka wawili wawili, kwanza kwa visingizio vya meno na watoto, halafu bila kisingizio. Usiku wa ishirini na saba ulipokaribia, saa tisa na nusu ghorofa ya saba walibaki Si Taoufik ndani na Anass nje, kila mmoja akimsikia mwenzake akikohoa.

Baada ya Idi nafasi akapewa Anass. Si Taoufik ni mtu wa neno lake, na neno lake lilikuwa lile la kumi la mwisho. Nilitaka kwenda kumwambia usoni ninayoyafikiri. Ghizlane akanishika mkono, akaniambia Anass naye ana mama.

Nafikiri bado ilikuwa dhuluma, na nitaendelea kufikiri hivyo. Lakini mwezi wa Septemba Ghizlane aliitwa kwenye usaili, kampuni ndogo ya kukodisha mashine huko Aïn Sebaâ. Wakamuuliza mengi, akayajibu. Mwisho wakamuuliza kama naye ana swali.

"Ninalo. Kazi ikiisha, watu hapa wanatoka saa ngapi?"

Wakacheka. Yeye akangoja, mikono juu ya mapaja, mpaka wakamjibu. Jibu lilimridhisha, na Jumatatu akaanza kazi.