Jirani Alisema Kaa

Neno "kaa" limebebeshwa kazi nyingi kuliko ukubwa wake. Ni kuketi. Ni kuishi mahali. Ni kile kipande cheusi kinachobaki moto ukishazimwa. Baba, ambaye alifika Mombasa wakati wa vita vya wazungu, alituambia kwamba huko pwani kaa ni mnyama mwenye miguu mingi anayetembea upande upande, na sisi watoto tulicheka mpaka machozi, tukidhani mzee ameishiwa na hadithi. Hata kwa Kikuyu chetu ni vivyo hivyo: ikara ni kuketi, na ikara ni kipande cha makaa. Kwa hiyo nilipokuwa msichana wa miaka kumi niliamini kwamba neno hilo nalijua lote. Watu husema usilolijua ni usiku wa giza. Mimi naogopa zaidi lile ambalo mtu anadhani analijua.

Tuliishi kwenye shamba la mzungu upande wa Rongai, katika ile miaka ya hamsini. Baba alilima kwa trekta, mama alipalilia mahindi. Sisi wafanyakazi tulikuwa wa makabila mengi, tumechanganywa kama mahindi na maharagwe ya githeri, na Kiswahili tulichokuwa nacho tulikipata kinywani mwa mzungu na nyapara wake. Kilikuwa Kiswahili cha amri tupu: lete, toka, kimbia, kaa. Sidhani kama mama aliwahi kuambiwa neno jema hata moja kwa Kiswahili kabla hajafika mjini.

Hilo la "kaa" ndilo alilolijua kuliko yote. Wakati wa Hali ya Hatari, Wakikuyu tuliposhukiwa kuasi serikali ya wazungu, askari walipokuja shambani jambo la kwanza lilikuwa kupaza sauti, "Kaa chini!" na Wakikuyu wote tulichuchumaa matopeni, mikono kichwani, huku wengine wakitazama. Asiyekaa upesi alikalishwa kwa kitako cha bunduki. Mama alijifunza kukaa upesi.

Ng'ambo ya zizi la ng'ombe wa maziwa kulikuwa na jirani yetu Mkipsigis, mke wa mkamuaji. Alikuwa ametoka kwao mwaka uliotangulia, bibi arusi mbichi, na Kiswahili hakukijua hata cha kuomba chumvi. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, mume wake akiwa kazini na mvua inamwagika, mama yangu ndiye aliyemkata mtoto kitovu. Tangu siku hiyo alituletea maziwa katika kibuyu. Yeye na mama waliweza kuongea saa nzima, huyu Kikipsigis, yule Kikuyu, na wakacheka mahali panapostahili kuchekwa. Sijui walifanyaje. Mimi nilijua maneno mawili ya lugha yake: chamgei, ambayo ni salamu, na chego, ambayo ni maziwa. Mtoto huokota maneno ya kumjaza tumbo. Neno la tatu ndilo lingetufaa, na sikulijua.

Baba alichukuliwa kwanza, na hatukuambiwa anapelekwa wapi. Wiki mbili baadaye mdogo wangu wa kike, aliyekuwa na miaka minne, akashikwa na surua. Mwili wote uliwaka moto, na macho hayakutaka mwanga. Ndipo ikaja habari kwamba Wakikuyu wote wa shamba lile watapakiwa kwenye lori, wapelekwe Nakuru mjini, na kutoka huko warudishwe kwao. Kwao wapi, mimi niliyezaliwa pale pale shambani sikuelewa.

Asubuhi ile mama alimfunga mdogo wangu mgongoni, akanishika mkono, tukatoka kwa mlango wa nyuma. Alitaka tupite katikati ya mahindi tufike kwa shangazi yangu, Rongai penye maduka, amfiche mtoto huko hata kama sisi wawili tutakamatwa. Hatukwenda hatua ishirini. Jirani yetu alikuja mbio kutoka upande wa zizi, kibuyu begani, anahema. Alimshika mama mkono. Akampapasa mtoto mgongoni. Akaonyesha kidole nyuma yake, akasema, "Kaa! Kaa!"

Mama alisimama. Huko alikoonyesha jirani ndiko ilikokuwa nyumba yake, lakini pia ndiko walikopitia askari kila walipokuja.

"Kaa!" jirani akasema tena, akimvuta mama mkono, na macho yake yamejaa machozi.

Mama akaelewa alivyofundishwa kuelewa. Askari wamefika, ukikimbia watakupiga risasi, kaa. Alirudi nami hadi nyumbani, akamfungua mtoto mgongoni, akamlaza juu ya shuka, akaketi ardhini mbele ya mlango wetu. Akapiga udongo kwa kiganja, akasema kwa Kiswahili chake chote, "Sawa. Kaa. Kaa hapa."

Jirani alimtazama mama, akamtazama mtoto, akautazama ule udongo uliopigwa kiganja. Nakumbuka uso wake ulivyoshuka. Alikitua kibuyu karibu na kichwa cha mdogo wangu, akaenda zake akijifuta machozi kwa ukingo wa nguo. Hakugeuka.

Lori lilikuja jua likiwa juu. Lilikuwa wazi, na tulipokaribia mjini mvua ikatunyeshea sote. Tuliwekwa kwenye uwanja uliozungushiwa waya, watu wengi, moshi, matope. Mdogo wangu alikunywa yale maziwa kidogo siku ya kwanza. Siku ya tatu alikufa. Alizikwa na watu tusiowajua, na mama hakuruhusiwa kufuata. Jioni hiyo alikipasua kile kibuyu kwa jiwe.

Kuanzia hapo mama alikuwa na adui mmoja tu duniani. Si mzungu, si askari, si dereva wa lori. Ni yule mwanamke. "Alitukalisha," alimwambia kila aliyetaka kusikia. "Nimemzalisha kwa mikono hii, naye akatukalisha tuchukuliwe." Mtu akimkumbusha kwamba jirani alilia, mama alisema hata msaliti ana machozi. Mimi nilimwamini. Nilimchukia yule mwanamke kwa moyo safi kabisa, nikaomba Mungu ampige. Leo naona haya kuyaandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Miaka hiyo ya hamsini ilipokaribia kwisha tuliruhusiwa kutoka huko tulikorudishwa, tukaja tena Nakuru, tukapata chumba mtaa wa Bondeni. Baba alikuwa bado hajarudi. Mama aliuza sukuma wiki na vitunguu, nami nilimsaidia. Siku moja mchana mwanamke wa Kipsigis alisimama kwenye meza yetu pamoja na mume wake, wanachagua vitunguu. Walikuwa na mtoto mdogo, amechoka na jua. Mtoto alimshika mama yake mkono, akamvuta, akalia, "Kaa! Kaa!"

Nikamsogezea kigoda. "Kaa hapa, mtoto," nikamwambia.

Akalia zaidi. Baba yake akacheka. "Huyo hapana taka kukaa," akaniambia. "Anataka kwenda nyumbani. Kwetu sisi kaa ni nyumbani."

Nilimuuliza mara mbili. Mara ya pili hakucheka tena, nadhani kwa sababu ya uso wangu. "Ndiyo, dada," akasema. "Mtu akisema twende kaa, ni twende nyumbani."

Mama alikuwa amekwenda kuchota maji. Siku tatu sikusema kitu. Nilijiambia maji yakimwagika hayazoleki, na nikimwambia nitamnyang'anya adui wake nimwachie nini? Lakini usiku wa nne, tunachambua maharagwe, alianza tena, "Yule mwanamke aliyetukalisha," na nikashindwa. Nilikasirika. Niliyatema yote kwa hasira, wala si kwa upole kama ilivyotakiwa. Nilimwambia hakutukalisha. Alikuwa akisema nyumbani. Alitaka mtoto, amfiche nyumbani kwake, kwa sababu Mkipsigis hatapekuliwa.

Mama aliendelea kuchambua maharagwe, mazuri huku, mabovu huku. Kisha akauliza, "Na mimi nilimjibu nini?"

"Ulisema sawa," nikamwambia. "Ulisema kaa hapa."

"Nikapiga udongo."

"Ndiyo, mama."

Hapo ndipo nami nilipoona, na ningetoa chochote nisingeona. Yule mwanamke hakujua Kiswahili. Alisema nyumbani, nyumbani kwangu, nipe mtoto. Na mama yangu akaketi, akapiga ardhi ya mlango wetu kwa kiganja, akamjibu kwa neno lake mwenyewe: nyumbani ni hapa. Ndiyo maana hakugeuka. Tulimnyima.

Mama aliweka ungo chini, akatoka nje. Alikaa huko muda mrefu, na aliporudi macho yake yalikuwa yamevimba. Hatukulizungumza tena jambo hilo, na sikumsikia tena akimtukana jirani yetu. Kumtafuta hatukuweza. Wakikuyu hatukutembea bila kibali, na kule shambani, tulivyosikia, watu wa zamani walikuwa wamehama wote, wamekuja wengine.

Bondeni wageni walikuwa wengi, wa kila kabila, na kila nyumba mgeni alipoingia aliambiwa, "Kaa, kaa." Mama alisema, "Keti." Majirani walimcheka, wakamuuliza tangu lini amekuwa mtu wa Mombasa. Alicheka pamoja nao, akapangusa kigoda kwa khanga yake, akasema tena, "Keti, mama. Keti."