Mtaalamu wa Budapest

Kwa karibu miaka miwili niliuza wikendi za Ulaya bila kuwahi kukanyaga Ulaya. Ofisi yetu ilikuwa ndogo, upande wa zamani wa Doha, kati ya kinyozi na duka la vifaa vya simu. Kazi yangu ilikuwa kukaa chini ya picha kubwa ya mnara wa Paris na kuwaambia watu wenye siku mbili za mapumziko waende wapi, wale nini, wapige picha wakiwa wamesimama wapi. Kabla ya hapo nilikuwa bawabu katika hoteli moja ya West Bay. Ofisi ilinichukua kwa sababu niliandika haraka kwenye kompyuta, na kwa sababu, kama alivyosema meneja wetu, mzee mpole wa kutoka Kerala, nilikuwa na uso wa mtu aliyesafiri.

Uso huo niliutumia vibaya. Kila jioni nilibeba vipeperushi na kuvisoma ndani ya basi la kurudi Al Thumama, ambako tulikuwa Wakenya wanne katika chumba kimoja. Baada ya miezi michache nilikuwa nikiwasahihisha wenzangu wakikosea kutamka jina la mto wa Vienna. Mmoja wao alikuwa dereva wa familia fulani na aliwahi kupelekwa nao London mwezi mzima. Hata yeye nilimsahihisha.

Ndipo akaja Sista. Alikuwa nesi, mzaliwa wa Kakamega, mwanamke mnene wa miaka hamsini hivi mwenye sauti ya kuamrisha wodi nzima bila kuinuka kitini. Alikuwa amefanya kazi Doha miaka kumi.

"Kijana wangu," aliniambia, "kila likizo yangu mimi huenda nyumbani. Nikifika nakuta mazishi mawili, harusi moja na harambee. Narudi kazini nikiwa nimechoka kuliko nilivyoondoka. Sasa nataka mahali ambapo hakuna mtu ananijua. Ijumaa na Jumamosi tu."

"Budapest," nikasema, kwa sababu kipeperushi cha Budapest ndicho kilichokuwa juu.

"Umefika huko?"

"Mara mbili."

Mpaka leo sijui kwa nini nilisema mara mbili. Nadhani mara moja ilionekana kama bahati tu.

Nilimwandikia ratiba ya mambo kumi na moja kwa siku mbili. Kasri la kifalme, bunge, soko kuu, safari ya boti mtoni, kanisa, sinagogi, jumba la makumbusho na mengine ambayo nimeyasahau. Kutoka darajani hadi kasri niliandika, "Matembezi ya dakika tano." Kwenye ramani nafasi ile ilikuwa ndogo kuliko ukucha wangu. Kisha nikamsifia namba kumi na moja, bafu za maji moto za mji ule, maarufu sana.

"Mtu anaenda na nini?" akauliza.

"Vya kuogea tu," nikamjibu. "Vya kawaida."

Alirudi ofisini Jumatatu saa nne asubuhi, akitoka zamu. Aliketi mbele yangu, akatoa ile ratiba yangu na kuinyoosha mezani. Alikuwa ameandika pembeni mwake kwa kalamu nyekundu, kama faili la mgonjwa ambaye hali yake si nzuri.

"Tuanze na dakika tano," alisema. "Kile ni kilima. Nilipanda nikipumzika kila kona. Kuna bibi Mzungu aliniuliza kama aniitie gari la wagonjwa, nikamwambia mimi mwenyewe ni nesi."

"Pole sana, Sista."

"Ngoja, bado. Hizo bafu zako." Akashusha sauti, na hapo nikajua mambo yameharibika, maana Sista hakuwa mtu wa kushusha sauti. "Nilikwenda na sabuni. Nilikwenda na dodoki, na jiwe langu la kusugulia visigino. Nikafika, nikakuta ni bwawa. Bwawa la kuogelea, kijana wangu! Wanaume kwa wanawake, wengi kama watu wa sokoni, na mimi nimejifunga leso, nimekaa ukingoni, nimeanza kupaka sabuni mguu wa kushoto."

Sikuthubutu kumtazama.

"Akaja msichana mwenye filimbi," aliendelea. "Akapiga ile filimbi. Watu wote wakageuka."

Nilijaribu kukaza uso. Nilikaza mashavu, nikauma ulimi, nikaangalia dirishani, lakini lile jiwe lilinishinda, kicheko kikanitoka puani kama chafya. Sista alinitazama, kisha naye akaanza kutikisika mabega. Tulicheka hadi meneja akachungulia.

Alipofuta macho aliniuliza, sasa kwa upole, "Hizo mara mbili ulienda lini?"

"Sijaenda, Sista. Sijafika Ulaya hata siku moja."

"Najua. Nilijua nikiwa nusu ya kilima." Akaikunja karatasi. "Hata hivyo nilipumzika. Jumamosi niliacha orodha yako, nikafunga mlango wa chumba cha hoteli nikalala kutwa. Hapa Doha tunalala wanne chumba kimoja, kila mmoja na zamu yake, kila mmoja na kengele yake. Miaka kumi sijalala kutwa bila kengele." Kisha akanyanyua kidole. "Sitamwambia bosi wako. Lakini utaenda. Utaenda na karatasi hii hii, halafu uje unieleze."

Singeweza kumkatalia. Wafanyakazi wa ofisi yetu tulipata punguzo la bei ya tiketi, na baada ya wiki kadhaa za kupeleka barua na picha za pasipoti ubalozini, nikapewa viza. Rafiki zangu wa chumbani walinisindikiza hadi uwanja wa ndege kana kwamba nahamia. Nilikuwa nimevaa jaketi nililonunua Doha, katika duka ambalo mmiliki wake hajawahi kuhisi baridi isipokuwa ya kiyoyozi. Ilikuwa Machi. Nilipotoka nje ya uwanja wa Budapest, upepo uliingia kwenye jaketi hilo kama mgeni aliyeambiwa karibu.

Kila mteja wangu nilikuwa nikimwonya juu ya jambo moja: ukinunua tiketi ya treni ya chini ya ardhi, lazima uigonge kwenye mashine kabla ya kupanda. Nilikuwa nikilisema kwa madaha, nikiinua kalamu. Kwenye safari yangu ya kwanza ya treni, kituo cha pili, mkaguzi akaichukua tiketi yangu, akaigeuza, akaona haina alama yoyote.

"Mimi nafanya kazi ya utalii," nilimwambia kwa Kiingereza. "Sheria hii naijua. Huwa naifundisha."

Akasema vizuri, kama naijua basi hatahitaji kunieleza, akaanza kuniandikia faini.

Kutoka hapo nikapanda boti, namba nne kwenye orodha yangu mwenyewe. Nilikuwa nimewaelezea watu wengi jinsi bunge linavyoonekana kutoka mtoni, nikitumia neno "linang'aa". Ndani ya boti kulikuwa na joto na viti laini. Niliketi, nikavua viatu kidogo, na aliyeniamsha ni mhudumu aliyekuwa akifagia. Tulikuwa tumesharudi gatini. Kitu pekee nilichokiona cha mto ule ni kamba ya kufungia boti.

Jumamosi nikaenda bafuni. Sikubeba sabuni. Nilikodi kaptura ya kuogelea ambayo ingemtosha Sista, nikaishika kiunoni kwa mkono mmoja, nikaingia majini polepole kwa sababu sijui kuogelea. Maji yalikuwa ya moto kama chai iliyopoa kidogo, na yalinifika kifuani. Mvuke ulikuwa ukipanda, hewa juu ni barafu, na katikati ya mvuke ule wazee wenye vitambi walisimama wamezunguka ubao wa sataranji, wakicheza ndani ya maji. Nilisogea. Mmoja wao akanionyesha kwa kidole upande wa pili wa ubao.

Mimi nimekulia kwenye drafti, tena ya vizibo vya soda. Sataranji nilikuwa najua farasi anavyoruka na basi. Nikacheza kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa na kazi yake. Mzee alinimaliza kabla sijajua tumeanza. Wakacheka wote, si kwa ubaya, wakapanga kete upya, wakaniashiria tena. Nilishindwa mara tano. Mara ya sita mzee mwingine akaanza kunisogezea kete zangu mwenyewe, na bado tukashindwa, mimi na yeye pamoja. Nilipotoka majini vidole vyangu vilikuwa vimekunjamana kama zabibu kavu, na ilikuwa wakati wa kwenda uwanja wa ndege. Kasri sikulipanda. Niliona paa lake kwa mbali kupitia dirisha la basi, na huenda halikuwa lenyewe.

Nilimsimulia Sista yote Ijumaa iliyofuata, tukinywa chai ya maziwa kando ya bahari Al Wakrah. Alicheka mno kwenye habari ya mkaguzi. "Na mambo kumi na moja?" aliuliza. Nikamwambia nimefanya moja na nusu, nusu ikiwa ile boti. Akasema huo ndio uwezo wa kawaida wa binadamu mwenye siku mbili.

Nilirudi kazini nikiwa nimeapa kusema kweli. Wiki hiyo hiyo wakaja bwana na bibi, wote wahasibu kutoka Nairobi, wakitaka wikendi Vienna.

"Wewe umefika huko?" bwana akauliza.

"Hapana," nikasema. "Nimefika Budapest tu. Na kasri sikuliona."

Wakatazamana. Wakanishukuru kwa heshima, wakahamia meza ya pili, kwa mwenzangu Mganda ambaye maisha yake yote alikuwa amefika Entebbe na Doha tu. Akawavutia viti. Akawaambia habari za Vienna, keki zake, farasi wake weupe, mkahawa wa kona ambako yeye hupenda kukaa dirishani mvua ikinyesha. Walilipa papo hapo. Mimi niliacha kuandika nikasikiliza hadi mwisho, na kusema kweli, nilitamani kwenda.